Jezi Namba 14: Jinsi ya Kumjua Mchezaji wa Besiboli Kabla ya Kuuza Shati Lake

Vijana wanaoanza kuuza jezi pale Toi, soko la mitumba la Nairobi, huniuliza kwa nini jezi ya besiboli kwangu inatoka kwa bei ambayo kwao mteja anacheka na kwenda zake. Kitambaa ni kile kile. Robota ni la Gikomba, na pengine tumechagua kamera, zile nguo bora za robota, asubuhi moja tukisukumana mabega. Nikiwaambia siri ni kusoma wanadhani nawazungusha. Lakini vijana wa Ngong Road wanaopiga picha kila wanachovaa wana fulana tele nyumbani, na shati jingine haliwapunguzii wala kuwaongezea kitu. Wanachotaka ni habari ya kuwaambia wenzao: huyu mgongoni ni nani, alitoka wapi, alifanya nini. Mpe mteja mtu kamili, mwenye mji wa kuzaliwa na mwaka aliovunjika kifundo cha mguu, na hutamsikia akisema "mathe, nipunguzie mia mbili".

Nitaeleza ninavyofanya kwa kufuata jezi moja: ya Cleveland, Marekani, namba 14, aliyoivaa Larry Doby. Huhitaji kuwa mjuzi wa besiboli. Mimi mchezo huu nimeusomea kwenye simu, nimekaa juu ya robota nikingoja wateja.

Mambo ya shati kwanza

Ligeuze ndani nje, ulishike. Wachezaji wa miaka ya 1940 na 1950 walivaa flaneli ya sufu, nzito, ya kuwasha, hata Julai ambayo kwao ni joto kali. Jezi za polista za kuvutika ziliingia ligi kuu mwaka 1970, na Pittsburgh Pirates ndio waliotangulia. Kwa hiyo ukiletewa "jezi ya zamani kabisa" na ukakuta ni polista nyepesi yenye vitundu vya kupitisha hewa, hiyo imeshonwa miaka mingi baadaye kwa ukumbusho. Si aibu kuiuza, mradi useme. Ukishika sufu ya kweli, yenye namba za kitambaa zilizoshonewa juu yake, usiitundike. Ifunge, ipeleke nyumbani, uulize wanaojua kabla hujataja bei. Na usiifue! Sufu ikiingia maji moto inabaki ya mtoto wa nasari.

Baada ya kitambaa, mgongo. Namba za kudumu mgongoni zilianza kushika mwaka 1929, New York Yankees walipowapa wachezaji wao namba kwa mpangilio wa zamu za kupiga. Ndiyo maana Babe Ruth alikuwa 3 na Lou Gehrig, aliyemfuata, akawa 4. Majina yalichelewa sana. Chicago White Sox ndio waliotangulia kuyaweka, mwaka 1960. Ushike mwaka huo vizuri, kwa sababu mtu wetu wa namba 14 alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu mwaka 1959. Jezi yoyote iliyoandikwa DOBY mgongoni, basi, Doby mwenyewe hakuichezea ligi kuu. Mchuuzi wa jirani akiapa kwamba ni ya enzi zile, mwache aape.

Sasa kifua, na hapa ndipo wengi wanapouza mtu asiye yeye. Namba haitoshi. Namba 14 ya Chicago Cubs ni Ernie Banks: homurani 512 (nitaeleza mbele ni nini), timu moja tu ya ligi kuu tangu 1953 hadi 1971, mchezaji bora wa ligi yake mara mbili mfululizo, 1958 na 1959, na katika miaka yote hiyo hakuonja fainali ya World Series hata siku moja. Namba 14 ya Brooklyn Dodgers ni Gil Hodges. Ya Cincinnati ni Pete Rose, aliyefungiwa mwaka 1989 kwa kubeti mechi. Vijana wangu wa kubeti wanampenda huyo mpaka nashangaa. Na ya Cleveland ni Larry Doby. Ukimpa mteja wa Banks maisha ya Rose, atakujua ndani ya dakika tano, maana simu anayo.

Kwenye mkono wa jezi nyingi za Cleveland kuna katuni ya uso mwekundu wenye meno, mzaha juu ya wenyeji asilia wa Marekani. Klabu iliiondoa kwenye sare baada ya msimu wa 2018, na tangu 2022 inaitwa Guardians. Wapo wateja wasiotaka kuivaa. Waonyeshe kabla hawajatoa pesa.

Tafuta jedwali lake

Kila mchezaji wa ligi kuu, hata aliyecheza siku moja, ana jedwali la takwimu kwenye tovuti ya Baseball-Reference, na kulisoma ni bure. Bando dogo linatosha, hakuna video. Kila mstari ni mwaka mmoja. Mbele ya mwaka utakuta timu, kisha mechi, kisha mara alizosimama kugonga, alizofanikiwa, homurani, na mikimbio, yaani pointi, iliyopatikana kwa kugonga kwake.

Homurani ni mpira uliogongwa ukavuka ukuta wa uwanja. Mgongaji anazunguka besi zote, vile vituo vinne vya kukimbilia, kwa raha zake. Wastani wa kugonga unaandikwa kwa nukta: .300 maana yake katika mara kumi alifanikiwa tatu. Usidharau. Mshambuliaji akikosa mara saba kati ya kumi pale Nyayo tunamzomea hadi mlangoni, lakini kwenye besiboli huyo ni nyota. Chini ya .200 ni mtu anayekaribia kufungashiwa virago.

Mengine kwenye jedwali yaache. Yapo mahesabu ya wataalamu mpaka kichwa kinauma, na sijaona mteja aliyetoa shilingi moja zaidi kwa ajili yake.

Soma mapengo kabla ya namba kubwa

Watu hukimbilia mstari wenye homurani nyingi. Mimi naanza na mahali ambapo hakuna kitu.

Jedwali la Doby linaanza Newark Eagles mwaka 1942 na 1943, kisha linakatika: 1944 hakuna, 1945 hakuna, kisha Newark tena 1946. Ukiona pengo katikati ya miaka ya 1940 kwa kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, fikiria vita kabla ya kufikiria jeraha. Doby alikuwa jeshi la majini la Marekani, na sehemu ya vita hivyo alikuwa Ulithi, visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki ambavyo ukivitafuta kwenye ramani itabidi uvute mara nyingi. Huko huko ndiko alikosikia kwamba Jackie Robinson, mweusi mwenzake, amesajiliwa na Brooklyn ya ligi kuu.

Rudi nyuma ya mstari wa kwanza. Kabla ya 1942 alikuwa wapi? Alizaliwa Camden, South Carolina, tarehe 13 Desemba 1923. Baba yake, aliyekuwa mtunza farasi na mcheza besiboli, alikufa maji Larry akiwa bado mtoto. Baadaye kijana akahamia kaskazini, Paterson, New Jersey, alikokuwa mama yake, na kule sekondari akacheza kila kitu: mpira wa Kimarekani, kikapu, riadha, besiboli. Ukitafuta magazeti ya 1942 kwa jina la Doby kwenye kikosi cha Newark huenda usimpate, kwa sababu alicheza kwa jina la Larry Walker. Alikuwa anataka kucheza kikapu chuoni, na vyuo havikukubali mtu aliyelipwa kucheza. Hili ni jambo la kukumbuka kwa wachezaji wote wa zama zile: jina la jezini na jina la ubatizo si lazima yalingane, na jina la bandia mara nyingi lina sababu ya tumbo au ya masomo.

Newark Eagles ilikuwa timu ya Ligi za Weusi. Ligi kuu ilikuwa imefunga mlango kwa wachezaji weusi tangu karne ya 19 bila sheria iliyoandikwa, kwa kuelewana tu kwa wenye timu, jambo ambalo mtu wa Nairobi aliyesimuliwa na babu yake kuhusu mahoteli ya mjini enzi za mkoloni hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1946 Eagles, chini ya wenye timu, Effa Manley na mumewe, waliwapiga Kansas City Monarchs wakatwaa ubingwa wa ligi hizo, Doby akilinda besi ya pili.

Sasa mstari wa 1947. Utaona timu mbili: Newark, kisha Cleveland. Na chini ya Cleveland utaona takwimu ya kusikitisha: mechi 29, mara 32 za kugonga, alizofanikiwa 5, wastani .156. Mvivu wa kusoma anasema huyu alianza vibaya, anaendelea na 1948. Ngoja kwanza. Mara 32 katika mechi 29 maana yake ni nini? Ni mtu aliyekaa benchi, akaingizwa mara moja, akarudi benchi.

Tarehe 4 Julai alikuwa bado anaichezea Newark. Usiku akapanda treni kwenda Chicago, na tarehe 5 Julai 1947 akavaa sare ya Cleveland. Bill Veeck, mwenye timu, alimnunua kwa Effa Manley na kumwingiza moja kwa moja. Robinson alipewa mwaka mzima wa 1946 kule Montreal, ligi ya chini, kuzoea. Doby hakupewa hata wiki. Meneja Lou Boudreau alimpitisha chumba cha kubadilishia nguo kuwasalimia wachezaji mmoja mmoja, na wapo waliokataa kumpa mkono. Walipotoka uwanjani kupasha misuli kwa kurushiana mpira, alisimama peke yake mpaka Joe Gordon alipomwita warushiane. Gordon huyo alikuwa mlinzi wa besi ya pili, nafasi ile ile ya Doby. Zamu yake ya kwanza ya kugonga aliingizwa badala ya mwingine, akatolewa kwa kukosa mipira mitatu.

Hiyo ndiyo .156. Wateja wangu wengi wananunua kwa ajili ya mstari huu kuliko ule wa homurani, na sishangai.

Tazama safu ya nafasi

Pembeni kabisa mwa jedwali kuna safu ya nafasi aliyocheza. Ikibadilika ghafla, kuna kisa. Ya Doby inatoka besi ya pili mwaka 1947 na kuingia uwanja wa nyuma mwaka 1948. Gordon alikuwa na besi yake na hakuwa anaondoka, kwa hiyo Doby akafundishwa kazi mpya kabisa: kukimbiza mipira mirefu kule mbali. Tris Speaker, aliyekuwa mmoja wa walinzi bora kabisa wa eneo hilo enzi zake, alikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Mwaka huo huo Doby akagonga .301 na homurani 14.

Namba zikipanda hivyo, acha jedwali utafute picha. Tarehe 9 Oktoba 1948, mechi ya nne ya World Series dhidi ya Boston Braves, watu zaidi ya 80,000 uwanjani Cleveland. Kasarani ingefurika na wengi kubaki nje. Doby akagonga homurani, mchezaji mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika World Series, na Cleveland wakashinda 2–1. Baada ya mechi, mrushaji Steve Gromek, mzungu, akamkumbatia, shavu kwa shavu, meno yote nje. Mpiga picha akawanasa. Picha hiyo ilitoka magazetini nchi nzima, na Marekani ya 1948 haikuzoea kuona kitu kama hicho. Ihifadhi kwenye simu yako. Nikimwonyesha mteja picha hiyo huku jezi iko mkononi mwake, mara nyingi simalizi hata kusimulia. Cleveland walitwaa ubingwa kwa mechi 4–2. Doby na mrushaji mkongwe Satchel Paige wakawa weusi wa kwanza kuwa mabingwa wa World Series.

Miaka iliyofuata ni minono na haihitaji maneno mengi. Mechi ya nyota kila mwaka tangu 1949 hadi 1955. Mwaka 1952 homurani 32, akiongoza ligi yake. Mwaka 1954 tena 32, akileta mikimbio 126, kinara kwa yote mawili, na Cleveland ikashinda mechi 111. Kisha wakaingia fainali na New York Giants wakawafunga 4–0. Mashabiki wa Harambee Stars wataelewa.

Mwisho wa jedwali angalia timu zinavyobadilika. Chicago White Sox 1956 na 1957, Cleveland tena 1958, Detroit na Chicago ndani ya mwaka mmoja, 1959. Mchezaji anayepitishwa mkono hadi mkono namna hiyo, mwili umeanza kukataa. Mwaka huo huo wa 1959, akiwa ligi ya chini kule San Diego, alivunjika kifundo cha mguu. Usifunge simu hapo. Jedwali la ligi kuu halionyeshi kila kitu: mwaka 1962 alikwenda Japani akachezea Chunichi Dragons, pamoja na Don Newcombe, mrushaji wa zamani wa Dodgers. Mteja mwenye mapenzi na mambo ya Japani, na Nairobi wamejaa, hapo ndipo anapouliza kama kuna saizi kubwa zaidi.

Majedwali mawili yakipingana

Utakuta mahali pameandikwa homurani 253 na mahali pengine zaidi ya hapo. Hakuna aliyekosea. Desemba 2020 ligi kuu ya Marekani ilitangaza kwamba Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zihesabiwe kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Hesabu ya 253 ni ya Cleveland, Chicago na Detroit; inayozidi imeongeza za Newark. Chagua moja na useme ni ipi. Banks, yule wa namba 14 nyingine, alichezea Kansas City Monarchs mwaka 1950, nje ya mpaka huo, kwa hiyo miaka yake kule haikuongezwa. Mteja mbishi akikubana kwa hilo, sasa unalo jibu.

Mweke karibu na mwingine

Maisha ya mchezaji mmoja hayajulikani uzito mpaka uyaweke kando ya mengine. Ligi kuu ina pande mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika. Robinson aliingia ya kwanza tarehe 15 Aprili 1947, Doby akaingia ya pili kabla ya miezi mitatu kwisha. Matusi yale yale, hoteli za kubaguliwa zile zile. Kule Tucson, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, Doby hakuruhusiwa kulala hoteli ya timu yake. Lakini Robinson aliingia Ukumbi wa Umaarufu kule Cooperstown mwaka 1962, Doby mwaka 1998. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu huvaa 42 ya Robinson. Tarehe 5 Julai inapita kama siku nyingine.

Mwaka 1978 Veeck yule yule, sasa mwenye White Sox, alimfanya Doby meneja. Mweusi wa kwanza kuwa meneja wa ligi kuu alikuwa Frank Robinson, mwaka 1975, kule kule Cleveland. Wa pili tena.

Kwetu mambo yaligeuka kinyume, wa kwanza ndiye aliyesahaulika, na huwa napenda kuwauliza wateja. Dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki aliileta nani? Tisa kati ya kumi wanasema Kipchoge Keino. Aliyeileta ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Keino alishinda mita 1,500 wiki moja baadaye. Nimeacha kubishana na wazee juu ya hilo.

Andika kadi

Kata boksi la viatu, uandike kwa kalamu nene, ulitundike kwenye henga. Yangu ya Doby inasema: "Larry Doby, 1923–2003. Mweusi wa kwanza Ligi ya Amerika, 5 Julai 1947. Bingwa 1948. Homurani 253 bila za Newark. Jezi ya ukumbusho, haikuvaliwa naye." Sentensi ya mwisho usiiache hata mara moja. Inakupa haki ya kusimama na bei yako, maana aliyekwisha kukuamini kwa hilo hatakushuku kwa mengine.

Usijaze kadi. Chumba cha kubadilishia nguo, Joe Gordon, picha na Gromek, Japani: hayo yaweke mdomoni. Msomaji wa kadi akimaliza bila swali, ataondoka. Akiuliza "kwa nini bila za Newark?", umeshampata; mvutie kigoda.

Bei itaje baada ya hapo, mara moja, bila kuapa. Jezi iliyochubuka namba au kufunguka mshono wa bega ishonwe kwanza kwa fundi, lakini namba usibadilishe, na jina usiongeze. Nimeona watu wakibandika DOBY kwenye jezi tupu ili iuzike. Cleveland ya 1948 haikuwa na jina mgongoni, na mteja aliyesoma kadi yangu anajua.